Bei ya Kufa: Gemu ya Sarafu Inapohamia Sebuleni

Juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Kama ulikulia mjini miaka ya tisini, na kwenu au kwa jirani kulikuwa na zile konsoli za bei chee zenye kaseti ya njano, vidole vyako vinaujua mfuatano huo kabla kichwa hakijaukumbuka. Tuliupiga kwenye Contra ili tupate maisha thelathini badala ya matatu. Aliyeujua kwanza mtaani alikuwa mtu wa kuheshimiwa; alikuwa anaufundisha kwa masharti.

Lakini mfuatano ule haukuzaliwa kwenye Contra. Ulizaliwa mwaka 1986 kwenye Gradius ya Famicom, konsoli ya nyumbani ya Nintendo. Kazuhisa Hashimoto wa Konami alikuwa na kazi ya kuihamishia nyumbani gemu ya ndege iliyokuwa imetoka kwenye kumbi za sarafu za Japani mwaka mmoja nyuma. Kazi ya kuhamisha gemu ina sehemu isiyokwepeka: lazima uicheze mpaka mwisho kuona kama imekaa sawa. Hashimoto akaicheza, ikamshinda. Akajitengenezea mlango wa uani: simamisha gemu, piga mfuatano, chombo chako kinavikwa silaha karibu zote kwa mkupuo. Gemu ikaingia sokoni na mlango umo humo humo. Hashimoto alifariki mwaka 2020, na katika taarifa za msiba mfuatano ule ulitajwa kuliko gemu yoyote aliyoitengeneza.

Watu husimulia kisa hiki kama kichekesho. Mimi nakiona ni ushahidi. Fundi wa kuhamisha ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba gemu ikitoka ukumbini kuna kitu hakivuki mlango pamoja nayo. Si picha, wala si muziki. Ni bei ya kufa.

Tuanze na hesabu ya ukumbini, maana bila hiyo gemu hizi hazieleweki. Mwenye ukumbi ananunua bodi, yaani sakiti yenye gemu ndani yake, kwa fedha nyingi, anaifungia ndani ya kabati, kisha anasubiri irudishe mtaji kwa sarafu za yen 100. Mchezaji anayekaa nusu saa kwa sarafu moja anamla mtaji. Anayekufa baada ya sekunde ishirini naye ni hasara, kwa sababu harudi tena. Kwa hiyo mtengenezaji alikuwa anatembea juu ya uzi: akuue mapema, lakini uondoke ukijilaumu mwenyewe, usiilaumu mashine. Ukifa, skrini inahesabu kurudi nyuma, tisa, nane, saba, na mkono wako uko mfukoni ukipapasa. Sekunde zile ndipo biashara yote ilipokaa. Na miongoni mwa wachezaji ikazaliwa heshima isiyoandikwa popote: kuimaliza gemu nzima kwa sarafu moja. Siyo kwa ubahili. Kuimaliza kwa sarafu moja ni kumwambia mwenye mashine kwamba safari hii umempunja yeye.

Sasa ibebe mashine hiyo uiweke chini ya runinga ya familia. Sarafu imegeuka kitufe. Kufa ni bure.

Waliohamisha wa mwanzo hawakuliona hilo mara moja, kwa sababu walikuwa na shida ya karibu zaidi: konsoli hazikuwa na ubavu. Space Invaders ya Tomohiro Nishikado, iliyotolewa na Taito mwaka 1978, ilikuwa na wavamizi 55 na ngao nne. Ilipofika nyumbani kwenye konsoli ya Atari 2600 mwaka 1980 ilikuwa na wavamizi 36 na ngao tatu. Hakuna aliyelalamika sana. Watu walinunua konsoli ili waicheze hiyo hiyo. Ila angalia walichoandika kwenye boksi: michezo 112. Yaani aina 112 za gemu ile ile, ngao zinazotembea, mabomu yanayopinda, wavamizi wasioonekana, wachezaji wawili kwa zamu au kwa pamoja. Kwa nini 112? Kwa sababu baba wa nyumbani alikuwa amelipa mara moja, kwa fedha nyingi, na alitaka kuona zimeenda wapi. Ukumbini unalipia dakika tatu. Nyumbani unalipia kitu kizima, na kitu kizima kinatakiwa kiwe na uzito mkononi.

Gradius ya Famicom nayo ilipoteza vitu. Vile vimpira vya mwanga vinavyofuata chombo chako na kupiga risasi pamoja nawe, vinne kwenye bodi, vikabaki viwili. R-Type, gemu ya ndege ya kampuni ya Irem ya mwaka 1987, ilipokwenda PC Engine, konsoli iliyotumia kadi badala ya kaseti, mwaka uliofuata, hatua zake nane hazikutosha kwenye kadi moja, ikauzwa kwa kadi mbili, nusu kwa nusu. Mjapani aliyetaka kujua mwisho wake alilipa mara ya pili. Naomba niseme, bila chuki, kwamba hapo sarafu ilikuwa imepata njia ya kuvuka mlango.

Jibu lililonifurahisha zaidi enzi zile lilitoka kampuni ya Hudson. Walichukua Star Force, gemu ya ukumbini ya Tehkan, wakaileta Famicom mwaka 1985, na majira ya joto ya mwaka huo huo wakazunguka nayo Japani nzima kwenye mashindano waliyoyaita Caravan. Watoto walipewa dakika chache tu zilizohesabiwa, na mwenye alama nyingi ndiye mshindi. Nyota wa msafara alikuwa Takahashi Meijin, mfanyakazi wa kampuni, aliyesifika kwa kubonyeza kitufe mara 16 kwa sekunde. Fikiria walichokifanya. Hawakumkataza mtoto kufa. Walimwambia kwamba ukifa, saa haikusubiri. Ghafla kifo kina gharama tena, na safari hii kinalipwa kwa muda.

Wazo hilo halijafa. Kampuni ya Hamster, wanaotoa gemu kongwe za ukumbini karibu kila wiki tangu mwaka 2014 chini ya jina Arcade Archives, wanaweka kwenye nyingi kati ya hizo chaguo la dakika tano lenye jina lile lile, Caravan. Nimelicheza kwenye gemu ambazo vinginevyo ningezitupa baada ya robo saa.

Kisha kisingizio cha mashine dhaifu kikaisha. Katikati ya miaka ya tisini Sega walikuwa na bodi ya ST-V, ambayo kwa kweli ni konsoli yao ya Saturn iliyovaa koti la ukumbini. Baadaye ikaja bodi ya NAOMI, ndugu wa konsoli yao ya Dreamcast mwenye kumbukumbu kubwa zaidi. Gemu ya ndege iliyotengenezwa kwa bodi hizo ingeweza kwenda nyumbani karibu kama ilivyo. Picha ile ile, sauti ile ile. Hapo ndipo swali la kweli lilipobaki uchi: kama kila kitu kimevuka, mbona kucheza sebuleni hakufanani?

Mfano wa namna inavyoharibika ni rahisi, na nimeuona mara nyingi. Mtu ananunua gemu ya ndege, anaiwasha, anakufa, anabonyeza kuendelea, anakufa, anabonyeza. Baada ya dakika 25 majina ya waliotengeneza yanapita. Anaandika mtandaoni kwamba gemu ni fupi, fedha yake imepotea. Ana haki ya kulalamika, lakini amekosea mlalamikiwa. Alichocheza si gemu ile. Ni filamu yake, iliyokatizwakatizwa na milipuko. Gemu yenyewe ingemchukua miezi. Aliyempa kitufe kisicho na gharama wala maelezo ndiye wa kuulizwa.

Kampuni ya Treasure waliliona tatizo hilo, na wakalijibu mara mbili kwa namna mbili tofauti. Radiant Silvergun ilitoka kwenye ST-V na kwenye Saturn mwaka ule ule, 1998. Toleo la nyumbani liliongezewa hadithi, na humo silaha zako zinakumbuka: nguvu ulizopata jana zinahifadhiwa, kesho unaanza ukiwa na makali zaidi. Kila kifo kinakuachia akiba. Ni ukarimu, na ndipo ninapotofautiana na wapenzi wake wengi, kwani naona ukarimu huo unamdanganya mchezaji kidogo. Ukishinda mwezi wa pili hujui kama umekuwa bora wewe au limekuwa bora bunduki.

Jibu lao la pili, Ikaruga, lilinyooka zaidi. Ilianza ukumbini Desemba 2001 na kufika Dreamcast Septemba 2002. Kwa asiyeijua: chombo chako kina rangi mbili, nyeupe na nyeusi, unabadilisha kwa kitufe. Ukiwa mweupe unakunywa risasi nyeupe na kufa kwa nyeusi. Ukiwa mweusi, kinyume chake. Adui wa rangi tofauti na yako anaumia maradufu. Na ukiua watatu wa rangi moja, kisha watatu tena wa rangi moja, alama zinapanda kwa mnyororo. Hatua ni tano tu. Kila sekunde imepangwa kama ngoma yenye mapigo yake. Ukikosa pigo moja, mwili mzima unapotea.

Nyumbani Ikaruga inakupa nafasi chache za kuendelea, kisha inaongeza kadiri saa zako za kucheza zinavyoongezeka, hadi mwisho inakuachia kabisa. Wengine huona hiyo ni njia ya kumchelewesha mteja. Mimi naona ni sarafu iliyobadilishwa kwa fedha nyingine. Huna yen 100? Lipa saa moja. Na ukifika siku ya kuachiwa huru, mikono yako imeshajua ngoma, hivyo uhuru haukuharibu. Chombo ni kile kile cha siku ya kwanza. Kilichobadilika ni aliyekishika.

Sasa nije kwenye gemu iliyonifanya niandike makala hii, Battle Garegga ya kampuni ya Raizing, ya mwaka 1996. Ukiitazama kwa mbali ni gemu ya ndege ya kawaida: ndege za vita za chuma chenye kutu, moshi, mizinga. Ukiicheza kama ulivyofundishwa na gemu nyingine, yaani kupiga risasi muda wote, kuokota kila kinachodondoka na kutunza maisha yako, inakuponda. Na haikuambii kwa nini.

Sababu ni kwamba ndani yake kuna hesabu iliyofichwa ya ugumu. Kila risasi unayopiga inaipandisha. Kila kitu unachookota kinaipandisha. Ukijiimarisha, inapanda. Kitu kimoja tu kinaishusha: kufa. Na inashuka zaidi ukifa ukiwa umebakiwa na maisha machache. Mwandishi wa programu yake, Shinobu Yagawa, alitengeneza dunia ambamo tajiri anaadhibiwa kwa utajiri wake, na dawa ni kujiua kwa mpangilio. Wachezaji mahiri huokota wanachokihitaji tu, hupunguza risasi pasipokuwa na haja, hukusanya alama ili wapewe maisha ya ziada kila wafikapo milioni, kisha huyatumia maisha hayo kama sadaka: hapa nafa, ugumu ushuke, tuendelee. Hata kundi la heroe (flamingo) waliofichwa hatua ya pili, ambao mpita njia hawezi kuwaona, wapo ili wachomwe kwa alama. (Sijawahi kuzoea kuwachoma. Alama nazihitaji, lakini ni heroe.)

Unaona ilivyo. Hapa bei ya kufa si pambo lililoongezwa na mwenye ukumbi. Ni injini. Gemu nzima ni soko la vifo, na wewe ni mfanyabiashara asiyeonyeshwa bei. Ukumbini bei hizo zilijulikana polepole, kwa kusimama nyuma ya anayejua, kwa kusoma magazeti ya gemu, kwa kupigwa. Garegga ilifika Saturn mwaka 1998, na mtu aliyeinunua akakaa nayo peke yake chumbani, hana wa kusimama nyuma yake, alikuwa amenunua fumbo bila kuambiwa kwamba ni fumbo.

Miaka 18 baadaye, Desemba 2016, kampuni ya M2 chini ya Naoki Horii iliitoa upya kwenye PlayStation 4. Garegga ndiyo iliyofungua mfululizo wao wa ShotTriggers. Na hapa wakafanya jambo ambalo naliona ni hatua kubwa kuliko kuongeza ubora wa picha wowote. Gemu hizi nyingi zilitengenezwa kwa skrini iliyosimamishwa wima, ndefu kuliko upana. Kwenye runinga ya leo inayolala, picha hiyo inajaza kama asilimia 42 tu ya upana. Wengine hujaza pembeni kwa michoro ya ukuta. M2 walijaza pembeni kwa takwimu: ugumu uliofichwa umefika wapi sasa hivi, nini kimeupandisha, bosi, yule adui mkubwa wa mwisho wa hatua, amebakiwa na uhai kiasi gani. Yule mtu mahiri uliyekuwa unasimama nyuma yake ukumbini wamemgeuza kuwa dirisha dogo kando ya mchezo. Hawakukupunguzia bei ya kufa hata senti. Wamekuonyesha risiti.

Wakaweka pia chaguo jepesi sana kwa anayeanza, na ni jepesi kweli, bila dharau ndani yake. Kuna wakongwe waliochukizwa na dirisha lile: siri ndiyo ilikuwa utamu, wanasema. Nawaelewa. Lakini siri yao ilikuwa na ukumbi uliojaa watu wa kuinong'ona. Kumwachia mtu siri hiyo hiyo akiwa peke yake sebuleni si kulinda utamaduni. Ni kumfungia mtu nje na kumsifia mlango.

Kuna jambo jingine linalogusa bei ya kufa, nalo huonekana kama kasoro. Kampuni ya gemu ya Toaplan ilipofilisika mwaka 1994, baadhi ya watu wake walianzisha kampuni ya Cave, na Cave ndio waliolikuza pazia la risasi, danmaku kwa Kijapani: mamia ya risasi za waridi na buluu zinashuka kwa mwendo wa pole, na sehemu ya chombo chako inayoweza kuuawa ni vinukta vichache tu katikati. Risasi zikizidi, prosesa ya bodi inaelemewa, na kila kitu kinapunguza mwendo. Wajapani wanaita shori-ochi. Mhandisi ataona aibu. Mchezaji anaona nafasi ya kupumua: pale pazia linapokuwa zito kuliko yote, ndipo mashine inapokupa muda wa kulipenya. Watengenezaji walijua, wakapanga mashambulizi yao wakiihesabu ile nafuu.

Ukiihamishia gemu hiyo kwenye konsoli yenye nguvu mara mia, haielemewi. Inakwenda kasi yote bila kusita. Mnunuzi anaambiwa ameletewa toleo laini kuliko la ukumbini, naye anakufa mahali ambapo ukumbini angepona. Kwa hiyo anayehamisha kwa uaminifu analazimika kupima bodi ya zamani ilichoka wapi na kwa kiasi gani, kisha kuifundisha mashine mpya ichoke vile vile. Jambo hili ni la tangu mwanzo: kwenye Space Invaders wavamizi walikimbia zaidi kadiri walivyopungua kwa sababu prosesa ilikuwa na wachache wa kuchora, na Nishikado akaiacha hivyo. Miaka 40 ya gemu za ndege imesimama juu ya mashine zilizozidiwa.

Ketsui ya Cave, ya mwaka 2003, inaonyesha ugumu wa kazi hiyo. Mwaka 2008 ilikuja kwenye Nintendo DS ikiwa mabosi watupu, hatua zenyewe hazimo. Xbox 360 iliipata kamili mwaka 2010. Toleo la M2 la PlayStation 4, ambalo kwangu ndilo lililotulia mikononi, lilitoka mwaka 2018. Miaka 15 kwa gemu inayoisha chini ya saa moja.

Ucheleweshaji wa kitufe nitaupitia haraka, kwa kuwa ni wa kuhesabika. Gemu hizi huchora picha mara 60 kwa sekunde. Ukibonyeza na chombo kikajibu baada ya picha nne, zimepita kama milisekunde 67, na kwenye pazia la risasi hizo zinatosha kuzikwa. TV za chogo hazikuwa na tatizo hilo. TV bapa nyingi zinalo. Kifo cha namna hiyo ndicho ambacho mtengenezaji wa ukumbini alikikwepa kwa kila hali, kile kinachokufanya uilaumu mashine, tena kwa haki.

Nasikia pingamizi, kwa kuwa nimeambiwa uso kwa uso: mtu kalipia gemu yake, aicheze apendavyo, afe bure mara elfu. Sawa. Simzuii. Ila sisi tuliopita kwenye vibanda vya gemu vya uswahilini tunajua kitu ambacho pingamizi hilo linakisahau. Pale ulilipia mechi, na sheria ilikuwa moja, anayefungwa anatoka. Padi unampa mwenzako, unarudi mwisho wa benchi, na benchi lina watu saba. Ukija kumiliki konsoli yako mwenyewe, gemu ile ile, timu zile zile, ukafungwa saba bila ukaanza upya hapo hapo, uliona kabisa kwamba kuna ladha imeondoka. Hakuna aliyekukosesha kitu. Benchi tu halipo.

Ndiyo maana mimi nimejiwekea benchi. Juu ya meza ya runinga nina kopo la kahawa lililotobolewa mfuniko. Kila nikibonyeza kuendelea kwenye Ikaruga au Garegga, natia sarafu ya shilingi mia mbili. Hatua ya nne ya Ikaruga imekula nyingi kuliko hatua nyingine zote kwa pamoja. Mwezi uliopita gesi iliisha katikati ya mapishi, mke wangu akalimimina kopo juu ya zulia, akahesabu, akatuma mtoto kujaza mtungi mdogo. Chenji ilirudi. Ameniuliza mara mbili tangu hapo kwa nini siku hizi sichezi sana.